Kufa Kufaana: Historia ya Magari Makuukuu mjini Kampala

Wahenga walisema: kufa kufaana. Methali hii hutajwa zaidi penye matanga na urithi, pale ambapo msiba wa mmoja huwa riziki ya mwingine. Mjini Kampala yaweza kutajwa hata penye gereji. Gari moja linapokufa huko, injini yake huhamia katika gari la pili, milango yake katika la tatu, taa zake katika la nne. Springi zake hufuliwa zikawa mapanga, matairi yake hukatwa yakawa makubazi, na bati linalosalia hupelekwa kuyeyushwa. Ni vigumu kumwonyesha mgeni kaburi la gari katika mji huo.

Katika somo la leo tutaifuata historia ya biashara hiyo, tangu mafundi wa Katwe hadi soko la Kisekka. Tunaisoma kwa sababu mbili. Kwanza, ni historia ya watu wa kawaida, ambao vitabu vya shule huwataja kwa nadra. Pili, ndani yake mna swali la uraia lisilokwepeka: chombo kilichotumiwa na watu wengi, katika nchi zaidi ya moja, ni nani anayepaswa kulipia mazishi yake?

Maneno ya kazi

Tuanze na maneno, kama ada ya darasa letu. Kamusi humpa mwanafunzi neno kipuri, wingi wake vipuri, yaani sehemu ya mtambo inayowekwa mahali pa ile iliyoharibika. Gereji humpa neno spea. La kwanza hufaa katika barua rasmi, la pili hufaa dukani, na mtu aliyelima lugha vizuri hulijua kila moja na mahali pake. Vivyo hivyo na sifa ya uzee. Mtumba kwa asili ni mzigo uliofungwa, kisha likawa jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, na leo twasema hata gari la mtumba. Kuukuu ni kivumishi cha zamani zaidi, nacho hufuata ngeli: kanzu kuukuu, chombo kikuukuu, magari makuukuu.

Katika nchi kama Marekani, kazi ya kuyavunja magari makuukuu ina uwanja wake. Magari hupangwa safu kwa safu kwenye eneo pana nje ya mji. Mteja hulipa kiingilio kidogo langoni, huingia na spana zake mwenyewe, hulitafuta gari linalofanana na lake, hukifungua kipuri anachokitaka na kukilipia anapotoka. Ni utaratibu wa kujihudumia, na sababu yake ni ya kiuchumi: huko ardhi ya pembeni ni nyingi, lakini saa moja ya fundi ni ghali.

Kampala mambo yamegeuka. Ardhi ya katikati ya mji ni ghali, na mikono ya kazi ni mingi. Kwa hiyo mteja hafungui kitu. Huja na kipuri chake kibovu mkononi kama kielelezo, naye dalali humwongoza kutoka kibanda hadi kibanda mpaka mwenzake wa kile kipuri apatikane. Gari huwa limekwisha kufunguliwa zamani, na viungo vyake kutawanywa katika vibanda vingi. Twaweza kusema kwamba mji mzima ndio uwanja.

Katwe, nje ya mpaka

Mji wa Kampala wa kikoloni ulianzia kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala, ambapo Frederick Lugard alipiga kambi mwezi wa Desemba 1890. Kando yake palikuwa na mji mwingine, Kibuga, makao makuu ya ufalme wa Buganda, uliouzunguka mlima wa Mengo. Katwe ilikuwa upande wa Kibuga. Kwa kuwa haikuwa ndani ya manispaa ya wakoloni, kanuni kali za ujenzi na leseni zilizowabana Waafrika mjini hazikuibana Katwe kwa kiasi kilekile. Humo Mwafrika aliweza kufungua duka, karakana au hata kiwanda kidogo cha kuchapa magazeti. Si ajabu basi kwamba Katwe ilijulikana kwa mambo mawili kwa pamoja, ufundi na siasa, na kwamba jina lake lilisikika sana katika miaka ya misukosuko ya 1945 na 1949.

Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Bidhaa nzito kutoka Mombasa, pamoja na magari na vyuma, zikapata njia ya moja kwa moja. Hata hivyo, biashara ya kuagiza magari mapya na vipuri vyake ilibaki mikononi mwa kampuni za Wazungu na za Waasia. Mafundi wa Katwe walikaa upande wa pili wa biashara hiyo. Kazi yao ilikuwa kutengeneza kile ambacho mwenye duka angependa mteja akinunue upya. Walijifunza kwa kutazama na kwa kushika, kijana akimtumikia fundi miaka kadhaa kabla ya kuachiwa spana yake. Shule hiyo haikutoa cheti, ila ndiyo iliyokuja kuuokoa usafiri wa nchi.

Mafutamingi na magendo

Tarehe 4 Agosti 1972, akiwa Tororo, Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90 waondoke. Aliviita hivyo vita vya uchumi. Maduka, maghala na gereji zao viligawiwa watu wengine, wengi wao wakiwa wanajeshi na wale waliokuwa karibu na watawala. Wananchi waliwabatiza matajiri hao wapya jina la mafutamingi.

Mwanafunzi makini atashtuka hapa. Kwa Kiswahili sanifu tungesema mafuta mengi, maana mafuta yamo katika ngeli ya YA. Lakini jina hili halikutoka darasani. Lilitoka katika Kiswahili cha kambini na barabarani, na kosa lake la sarufi limebaki kuwa ushahidi wa kihistoria: linatuonyesha lugha hii iliingia mjini Kampala kwa mlango gani, na kwa nini wazee wengi waliisikia kwa muda mrefu kama lugha ya bunduki.

Mwenye duka la spea si yule tu mwenye ufunguo. Ni yule anayejua ni kiwanda kipi cha ng'ambo kinachotengeneza beringi ya namna gani, anayeaminika na benki, na anayelipa deni lake kwa wakati. Maarifa na imani hiyo havikuweza kugawiwa kwa amri. Bidhaa zilizokutwa ghalani ziliuzwa, na zilipokwisha hazikurudi. Fedha za kigeni zikaadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na njia ya kwenda pwani ikazidi kuwa ngumu. Mwezi wa Oktoba 1978 Marekani ilipiga marufuku biashara na Uganda, na mwezi huohuo vikaanza vita na Tanzania vilivyomalizika kwa Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Katika hali hiyo neno jingine la Kiswahili lilipata uraia wa Uganda: magendo. Pwani lilimaanisha biashara ya kukwepa ushuru. Uganda likawa jina la uchumi mzima, kwa sababu bei halali haikuweza tena kununua kitu. Spea ilipita mpakani kwa magendo, au haikupita kabisa.

Ilipokosekana, fundi wa Katwe alifanya mambo mawili. Kwanza alichonga: bushi ilitengenezwa kwa kipande cha tairi, kipuri kilichovunjika kiliungwa kwa kuchomelea, chuma cha zamani kikapewa umbo jipya. Pili alivua: gari lisiloweza kutembea tena lilifunguliwa ili magari mengine yatembee. Hapo ndipo gari bovu lilipoacha kuwa hasara na kuwa akiba. Miji mingine ya Afrika ilipitia njia inayofanana. Kumasi ina Suame Magazine, Nairobi ina barabara ya Kirinyaga, ambayo watu bado huiita Grogan, na Dar es Salaam ina Gerezani. Uganda yenyewe ilifika huko haraka kwa sababu ya uhaba uliotengenezwa na siasa.

Mlango unafunguliwa

Serikali ya National Resistance Movement iliingia Kampala mwezi wa Januari 1986. Mwaka uliofuata ilianza mpango wa kufufua uchumi, na mwaka 1990 maduka ya kubadilisha fedha yakahalalishwa. Badiliko hilo la mwisho laonekana dogo, lakini kwa mfanyabiashara wa spea lilikuwa kubwa. Sasa aliweza kununua dola bila kumpigia magoti ofisa yeyote, akapanda ndege hadi Dubai, akavuka hadi Sharjah ambako maghala ya vipuri vilivyotumika ni mengi, na kurudi na shehena.

Nchini Japani nako palikuwa na sababu ya kuyatoa magari. Sheria ya huko humtaka mwenye gari alipeleke kwenye ukaguzi wenye gharama, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Kadiri gari linavyozeeka, ndivyo inavyokuwa nafuu kuliuza. Na kwa kuwa Japani na Uganda zote huendesha upande wa kushoto, usukani haukuhitaji kuhamishwa. Gari lililochoka Yokohama lilianza maisha mapya Kampala.

Mashirika ya kimataifa yamejaribu kuupima mkondo huo. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na sehemu kubwa yake ilikuja Afrika. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba wastani wa umri wa gari la dizeli lililoingizwa Uganda mwaka 2017 ulipita miaka 20.

Wingi wa magari ya aina moja ukazaa hekima ya sokoni: gari halipimwi kwa bei yake tu, hupimwa kwa bei ya spea zake. Ndiyo sababu Toyota zilitawala barabara. Corolla ya kizazi cha AE100 ilipata hata jina la Kiluganda, Kikumi, yaani mia. Gari linapopewa jina na wenyeji, ujue kwamba spea zake zapatikana kila kona.

Kisekka: kazi na sifa zake

Soko la Kisekka liko bondeni, chini ya kilima cha Old Kampala, kando ya barabara ya Kyaggwe na karibu na mfereji wa Nakivubo. Humo kazi zimegawanyika kwa namna ambayo mwanauchumi angeipenda. Yuko anayeuza vioo vya pembeni tu, na jirani yake anauza rejeta tu. Yupo wa giaboksi, wa taa, wa shokapu, na yupo yule ambaye kazi yake ni kujua nani ana nini. Mtaji wa dalali huyu ni kumbukumbu. Hana kibanda wala bidhaa, bali kichwani mwake mna orodha ya soko zima.

Bei haikuandikwa. Hutegemea asili ya kipuri, uzima wake, na ujuzi wa mnunuzi. Kipuri kilichotolewa katika gari la Japani mara nyingi huthaminiwa kuliko kipya cha bandia, kwa sababu kile kimekwisha kujaribiwa na barabara. Rahisi, wasema Waswahili, huvunja upishi.

Mgala muue na haki umpe: sifa za Kisekka si njema zote. Kwa miaka mingi wenye magari wamenung'unika kwamba kioo kilichoibwa usiku huonekana kikiuzwa asubuhi, na wapo wanaochora namba za usajili juu ya vioo na taa ili mwizi akose mnunuzi. Sheria ya jinai ya Uganda humhesabu kuwa mkosaji yule apokeaye mali huku akijua kwamba imeibwa. Kwa hiyo mnunuzi asiyeuliza kipuri kimetoka wapi hukaribia kosa hilo, na tena huulisha wizi utakaomrudia yeye mwenyewe.

Soko ni la nani?

Ardhi ya katikati ya mji huwavutia wengi. Katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2000 ulitokea mpango wa kuikabidhi ardhi ya Kisekka kwa mwekezaji binafsi. Wachuuzi na mafundi waliandamana, barabara zikafungwa, mabomu ya machozi yakarushwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: sisi ndio tuliolifanya bonde hili liwe na thamani, iweje thamani hiyo auziwe mtu mwingine? Hatimaye msimamo wa serikali ulielekea kuwapa kipaumbele wale waliokuwa wakifanya kazi humo, kupitia umoja wao. Mwezi wa Septemba 2009, ghasia zilipozuka kati ya serikali na wafuasi wa Kabaka wa Buganda juu ya ziara ya Kayunga, Kisekka ilikuwa miongoni mwa mahali palipochacha.

Mwaka 2011 mamlaka mpya ya jiji, KCCA, ilichukua nafasi ya halmashauri ya zamani. Katikati ya muongo huo vibanda vya Kisekka vilianza kubomolewa ili kupisha jengo la ghorofa. Jengo lina paa, lakini injini haipandi ngazi. Kazi ya spea yahitaji uwanja wa kuliingiza gari, mahali pa kumwaga na mahali pa kugonga. Ghorofa humfaa muuzaji wa taa kuliko anayefungua giaboksi, na kazi chafu huondoka kwenda kutafuta bonde jingine.

Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humpa kila mtu haki ya kufanya kazi na biashara halali. Historia ya Kisekka yatufundisha kwamba haki hiyo haikamiliki bila mahali pa kuitekelezea.

Mfereji wa Nakivubo

Kuna haki nyingine katika Katiba hiyohiyo. Ibara ya 39 yasema kwamba kila Mganda ana haki ya mazingira safi yenye afya, na ibara ya 17 humpa raia wajibu wa kuyalinda.

Tumesema kwamba gari likifa Kampala karibu kila kitu chake hupata kazi. Alumini ya pistoni huyeyushwa na kuwa sufuria, chuma chakavu hupelekwa kwenye viwanda vya kuyeyusha kama vile vya Jinja, tairi huwa viatu ambavyo Waganda huviita lugabire. Lakini gari halina vyuma peke yake. Lina oili, maji ya betri, mafuta ya breki na gesi ya kupoza hewa. Hivi havina mrithi wa kutosha. Oili chafu kiasi fulani hupakwa mbao kuzuia mchwa. Nyingine humwagika chini, na mvua ya Kampala huisukuma bondeni.

Bondeni mna mfereji wa Nakivubo. Maji yake hupita katikati ya mji, huingia katika kinamasi, na kuishia katika ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria. Ni ghuba hiyohiyo ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya wakazi wa Kampala. Kwa hiyo kinachomwagwa na fundi mchana hakiendi mbali naye. Jirani zake na watoto wake huishi mwisho wa mfereji huo, nao hulipia katika ankara ya maji kazi ya kuyasafisha.

Risasi ya betri ni hatari zaidi, kwa kuwa wataalamu wa afya hawajapata kiwango chake kilicho salama kwa mtoto. Anayevunja betri kwa nyundo ili auze risasi hupata fedha za siku moja, na vumbi hubaki udongoni kwa miaka.

Gharama ya mazishi

Sasa turudi kwenye swali letu la awali. Japani ilitunga mwaka 2002 sheria ya kuyarejeleza magari, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu mwezi wa Januari 2005. Chini ya sheria hiyo mwenye gari hulipa mapema ada ya mazishi, ambayo hugharimia kushughulikia mifuko ya hewa, gesi ya kupoza na mabaki yasiyofaa kitu. Ni utaratibu mzuri. Lakini gari linaposafirishwa nje ya nchi, mwenye gari aweza kudai arudishiwe ada ile. Tafakari maana yake: gari husafiri hadi Kampala likiwa na oili yake, betri yake na gesi yake, ila fedha zilizowekwa kwa ajili ya kuvishughulikia hubaki kwao.

Uganda ilijibu kwa kulilinda lango. Tangu miaka ya 2000 ilitoza kodi ya mazingira kwa magari makuukuu, na mwaka 2018 ikakataza kuingizwa kwa magari yaliyopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya kikomo chake ni miaka 8. Hatua hizi zina maana, lakini zote humtazama gari anapoingia. Hazimtazami anapokufa. Na marufuku ya mwaka 2018 ina upande wa pili: gari kuukuu lililokwisha kuingia hutunzwa zaidi, hutengenezwa zaidi, na spea zake hutafutwa zaidi.

Kwa upande mmoja hilo ni jema. Gari linaloishi miaka mingi huokoa chuma na nishati ambayo ingetumika kulitengeneza jingine. Fundi wa Katwe alirejeleza vitu kabla neno kurejeleza halijaingia katika hotuba za mawaziri. Kosa kubwa la mipango mingi ya mji ni kumwona fundi huyo kuwa uchafu wa kuondolewa, badala ya kumwona kuwa mfanyakazi wa mazingira asiye na vifaa. Mahitaji yake si mengi: sakafu ya saruji isiyopitisha oili, mapipa ya kukusanyia, mnunuzi anayejulikana wa oili chafu na betri, na hati ya kudumu ya mahali anapofanyia kazi. Mtu anayejua kwamba atafukuzwa mwakani hana sababu ya kujenga sakafu.

Suala hili litakuwa kubwa zaidi. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la umeme lililobuniwa na wanafunzi na walimu wake. Magari ya umeme ya mtumba nayo yatafika, yakiwa na betri ambazo nyundo na patasi haziwezi kuzifungua kwa usalama. Kama Katwe iliachwa ijifunze peke yake mwaka 1972, hakuna sababu ya kuiacha hivyo mara ya pili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza jinsi maneno mafutamingi na magendo yalivyobadilika maana au umbo nchini Uganda. Je, lugha yaweza kutumika kama ushahidi wa kihistoria?

2. Ibara ya 39 na ibara ya 40 za Katiba zinapokutana katika soko la Kisekka, je, zinagombana? Toa mfano wa hatua moja inayozitimiza zote mbili.

3. Andika barua rasmi ya maneno 150 kwa mamlaka ya mji wako ukipendekeza namna ya kukusanya oili chafu kutoka gereji za mtaani. Tumia neno vipuri, si spea.